Namna ya kuwaangamiza aiptasia kwenye tangi la matumbawe nyumbani

Ukimwona aiptasia wa kwanza, yule mnyama mdogo anayevamia mawe ya tangi, usimguse. Shika hilo kabla hujasoma mengine, maana madhara mengi ya aiptasia hufanywa na mkono wa mwenye tangi.

Nina tangi la lita 200 hapa Mombasa. Siku moja nikaona kwenye jiwe jipya kijimdudu cha rangi ya chai ya maziwa, hakizidi ukucha wa kidole kidogo, kimekunjua vinyweleo vyake kama mwavuli uliochanika. Nikachukua kisu cha jikoni, nikakikwangua, nikafurahi. Wiki ya tatu nilihesabu kumi na saba. Walikuwa wamejipanga kuzunguka palepale nilipokwangua, wengine wadogo kama kichwa cha sindano, na tumbawe lililokuwa karibu lilikuwa limejikunja upande mmoja na nyama yake inachubuka. Kisu changu ndicho kilichowapanda.

Aiptasia ni anemoni mdogo, mnyama laini wa baharini aliye jamaa ya matumbawe. Ana mguu unaoshika jiwe, kiwiliwili kama bomba laini, na juu yake sahani yenye mdomo katikati, imezungukwa na vinyweleo virefu vinavyochoma. Mguu huo ndio siri yake. Akitambaa huacha nyuma vipande vidogo vya nyama, na kila kipande huota kuwa aiptasia mzima. Ukimkwangua, ukimvuta kwa koleo au ukimsugua kwa mswaki, unafanya kazi hiyohiyo kwa niaba yake, tena kwa kasi zaidi. Juu ya hayo, ndani ya nyama yake wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, ambao humtengenezea chakula kwa mwanga wa taa, kama wanavyowafanyia matumbawe. Kwa hiyo hata usipolisha tangi, hafi njaa. Watafiti wa matumbawe humfuga maabara kwa sababu hiyo: ni mgumu kufa na huzaliana upesi. Sifa inayomfaa mtafiti ndiyo inayotutesa sisi.

Lakini ana mdomo, na ni mlafi. Njia yote ninayoieleza hapa inapita mdomoni.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni yeye

Zima taa za tangi, subiri saa moja, kisha angalia kwa tochi. Aiptasia ni wa kahawia au rangi ya asali, mwili unapenyeza mwanga, vinyweleo ni virefu na vimechongoka nchani. Mkaribie kwa kijiti bila kumgusa: atajivuta ndani ya tundu kwa ghafla. Ukimsumbua sana hutoa nyuzi nyeupe nyembamba ubavuni. Hizo ni silaha zake, zinachoma.

Wapo wanaomfanana. Mnyoo wa manyoya naye hujivuta kwa ghafla, ila anaishi ndani ya kijibomba kigumu au cha ngozi, na manyoya yake yamepangika kama ya ndege. Huyo hana ubaya, mwache. Majano ni anemoni mwingine msumbufu, mfupi, mnene, vinyweleo vyake vina vifundo nchani na mara nyingi ana rangi ya kijani au waridi. Huyo anatibiwa kwa njia hizihizi. Na vitoto vya matumbawe yako mwenyewe vikianza kuota kwenye jiwe vinaweza kukudanganya, hasa vile vya matumbawe yenye vinyweleo virefu. Ukiwa na shaka, piga picha, ngoja siku nne. Aiptasia hatakuwa na mifupa chini yake.

Hatua ya pili: wahesabu na uwachore

Chora mawe yako kwenye karatasi, hata kwa mkono mbovu, na utie alama kila unapomwona mmoja. Angalia nyuma ya mawe, chini ya vibao vinavyoshikilia matumbawe, ndani ya sampu (tangi la chini linalopokea maji ya tangi kuu), kwenye kuta za kisanduku cha kufurikia maji, na ndani ya pampu. Sampu ndiyo hospitali yao ya uzazi. Watu hupigana miezi mitatu kwenye tangi la juu huku walio chini wanaletwa juu na maji kila siku.

Hesabu ndiyo itakayokuchagulia njia. Wakiwa chini ya ishirini, chokaa na bomba la sindano vinatosha. Wakiwa thelathini, hamsini, au wameingia mahali mkono haufiki, utahitaji mlaji wa kukusaidia. Na wakiwa wamefunika jiwe moja huku mengine yako salama, ondoa jiwe hilo tu.

Hatua ya tatu: pata chokaa inayofaa

Hapa Kiswahili chetu kinaweza kukuponza, kwa sababu neno chokaa tunaliitia vitu vingi. Unachotaka ni chokaa iliyozimwa, yaani kalsiamu hidroksaidi safi. Wafugaji wa matumbawe huinunua kama unga wa kuongeza kalsiamu, na ipo pia ya daraja la chakula, ya kutengenezea achari. Chokaa ya kilimo haifai. Ile ni kalsiamu kaboneti, haichomi kitu, utamlisha aiptasia vumbi. Chokaa ya kupaka ukuta haifai, ina mchanganyiko usiojulikana. Chokaa ghafi, isiyozimwa, ni hatari: ikikutana na maji huchemka. Na ile iliyochomwa kwa matumbawe kwenye tanuri, iliyojengea nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, ina majivu na mchanga ndani yake, tuiachie majumba.

Unga sahihi ukiukoroga kwenye maji safi hupandisha pH hadi kama 12.4. Ndiyo maana unaua. Ndiyo maana pia uvae miwani na glavu: tone moja likiingia jichoni ni safari ya hospitali, na kabla ya safari hiyo, maji mengi ya bomba kwa dakika kumi na tano. Weka kopo mbali na watoto.

Dawa za chupa zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama Aiptasia-X ya kampuni ya Red Sea, hutumika kwa mtindo huohuo wa kulisha mdomoni, na kama unazipata kwa bei unayoimudu ni nzuri, kwani zimepimwa unene tayari. Maji ya limau au siki pia huua yakidungwa ndani ya mwili wake hasa, lakini nimeona wengi wakirudi. Mimi huyaacha jikoni.

Hatua ya nne: siku ya kulisha sumu

Fanya kazi hii asubuhi, taa zikishawaka na aiptasia wamekunjuka. Asubuhi pH ya tangi huwa chini kuliko saa nyingine zote kwa sababu usiku mzima hakuna mwani uliokuwa ukitumia kaboni dayoksaidi, kwa hiyo una nafasi ya kupanda bila kudhuru. Pima pH na uiandike.

Kipimo: kwa tangi la lita 200, usizidishe nusu ya kijiko cha chai cha unga mkavu kwa siku. Hiyo ni kama gramu moja, na inaweza kupandisha pH kwa karibu 0.2. Tangi la lita 100, robo ya kijiko. Watu wanaoua samaki kwa njia hii huwa wamekasirika, wakataka kumaliza wote kwa asubuhi moja.

Koroga unga huo na maji kidogo ya RO (yaliyosafishwa kwa kichujio cha utando), matone kwa matone, mpaka uwe mzito kama maziwa mgando. Ukiwa mwepesi utatawanyika kama moshi na kuangukia matumbawe. Ukiwa mzito kupita kiasi utaziba. Vuta kwenye bomba la sindano la mililita 5. Sindano yenyewe huziba upesi, kwa hiyo mimi huchomeka mbele ya bomba kijimrija kigumu cha plastiki chenye urefu wa sentimita ishirini hivi, ili mkono wangu ukae juu na kivuli changu kisimwangukie.

Zima pampu zote. Ngoja dakika tano maji yatulie kabisa, hata vumbi linaloelea lisimame. Kama ana kawaida ya kujificha, mdondoshee kwanza kipande kidogo mno cha nyama ya kamba, punje tu. Akihisi chakula atatanua sahani.

Sasa shuka polepole kutoka juu. Usilenge mwili, lenga katikati ya sahani, pale mdomo ulipo kama mpasuko mdogo. Acha tone moja lianguke bila kumgusa kwa mrija. Utaona vinyweleo vikikunjika kuelekea ndani, kama vidole vinavyofumba kitu kiganjani. Anadhani amelishwa. Mwongeze tone la pili hapohapo, angali anameza. Kufumba na kufumbua atanywea, atakuwa kifundo cheupe, na hapo ndipo umfukie: jaza tundu lake na umfunike kabisa, mdomo hadi mguu, kama fundi anavyoziba ufa. Akiwahi kujivuta kabla hajameza, usimfukuze ndani ya tundu. Mwache, utamrudia baada ya siku mbili. Aliyejeruhiwa nusu ndiye anayeacha vipande.

Endelea na wa pili, wa tatu, hadi chokaa iishe. Anza na wakubwa, kwa kuwa ndio wazazi. Wakiwa pembeni ya tumbawe unalolipenda, waache wa mwisho, mkono ukiwa umezoea.

Subiri dakika ishirini hadi thelathini, pampu zikiwa zimezimwa. Samaki watavumilia muda huo, lakini kama tangi lina samaki wengi au chumba kina joto, weka jiwe la hewa, lile la kutoa viputo, upande wa mbali. Kisha nyonya masalia meupe kwa mpira mwembamba, maji yaingie ndoo. Usiyapulize. Washa pampu, pima pH tena. Ikiwa imefika 8.5, umefika mwisho wa siku hiyo, hata kama bomba bado lina chokaa.

Kuna faraja ndogo hapa: chokaa inayoyeyuka huongeza kalsiamu na alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) ambazo matumbawe huzitumia kujenga mifupa. Kama una pampu ya kudondosha virutubisho hivyo, ipunguze siku za matibabu, na upime alkalini mara mbili kwa wiki.

Hatua ya tano: rudia kwa ratiba, usirudie kwa hasira

Siku ya nne au ya tano chukua tochi na ramani yako. Palipokuwa na mmoja huenda pana watatu wadogo. Wamechipuka kwenye mabaki ya mguu. Usikate tamaa, hao wadogo hawana pa kujificha na tone moja huwatosha. Rudia mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Tangi langu lilichukua wiki tisa, na wiki ya tatu ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Wakati huohuo tazama mkono wako unapolisha samaki. Mwani wa ndani ya mwili humpa aiptasia uhai, lakini mabaki ya chakula ndiyo yanayomnenepesha. Lisha kidogo, mara nyingi, kinachoweza kuliwa kwa dakika mbili. Suuza chakula cha barafu kwenye chujio kabla ya kukitia. Badilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki, chumvi ikae kwenye 35 kwa elfu, na usafishe kikombe cha skima, kile chombo kinachotoa uchafu kwa povu. Maji masafi hayawaui, ila huwapunguzia mwendo.

Walaji: nani wa kumwamini

Kamba wadogo wenye mistari myekundu, Lysmata wurdemanni na ndugu zake kutoka Atlantiki ya magharibi, ndio wanaouzwa zaidi. Baadhi yao hula aiptasia wadogo kwa bidii, baadhi hawagusi hata mmoja, hasa wakishibishwa. Nunua watatu au wanne, uwatie usiku, upunguze chakula. Kagua sana kabla ya kulipa: kuna kamba mwingine mwenye nundu mgongoni na mistari myeupe katikati ya mekundu, ambaye huuzwa kwa jina hilohilo, na huyo hula matumbawe.

Koa wa bahari aitwaye Berghia ndiye mlaji wa kweli. Hali kitu kingine chochote isipokuwa aiptasia, na huingia kwenye nyufa ambazo bomba lako halifiki. Hutembea usiku, hutaga mayai yenye umbo la mzunguko kama kamba nyeupe iliyosokotwa, na watoto wake nao huanza kuwala aiptasia. Ila ni mwepesi kuliwa na kamba na samaki wa aina nyingi, kwa hiyo usimchanganye na wale Lysmata. Watie wengi kwa pamoja, kumi au zaidi kwa tangi la kati, taa zikiwa zimezimwa, karibu kabisa na aiptasia, na uzibe midomo ya pampu kwa sponji. Ukiamua kuwatumia, acha chokaa kabisa. Miezi miwili utadhani wamekufa wote, kisha asubuhi moja jiwe zima liko safi. Aiptasia wakiisha, koa nao hufa njaa. Mpe rafiki mwenye shida hiyohiyo kabla hawajafika huko.

Vitatange wanasifiwa sana, hasa Chelmon rostratus mwenye pua ndefu na mistari ya shaba. Yeye hula aiptasia kweli, lakini wengi hukataa chakula cha kufugwa na kufa ndani ya wiki chache, na wanahitaji tangi kubwa kuliko la wengi wetu. Chaetodon lunula, anayepatikana kwenye miamba yetu ya Afrika Mashariki, naye hula anemoni, kisha akimaliza hugeukia matumbawe. Samaki ni mnyama wa kutunzwa miaka mingi. Kama usingemchukua bila aiptasia, usimchukue kwa ajili ya aiptasia.

Jiwe likiwa limeliwa lote

Litoe. Lakini usilichemshe, na usilitie kwenye maji ya moto hata kwa dakika. Baadhi ya zoanthidi, jamaa za anemoni wanaoota juu ya mawe, hasa wa jamii ya Palythoa, wana sumu iitwayo palitoksini, na mvuke wa jiwe lililochemshwa umewahi kuwalaza familia nzima hospitalini. Usilisugue kwa brashi ya waya pia. Liweke juani, nje, mbali na watoto na paka, likauke wiki kadhaa, kisha ulioshe na ulitibu kama jiwe jipya. Utapoteza bakteria wake wazuri, kwa hiyo usiondoe zaidi ya theluthi ya mawe kwa mara moja, na upime amonia kila siku kwa wiki ya kwanza.

Kwa kipande kidogo cha tumbawe chenye aiptasia kwenye kibao chake, kata tumbawe juu ya kibao, litie kibao kipya kwa gundi ya jeli, kile cha zamani kitupe. Kumfukia aiptasia kwa gundi peke yake hakutoshi; nimemwona akitokea pembeni baada ya siku kumi.

Maji ya ndoo yaende wapi

Yasiende baharini. Kwa sisi tunaoishi pwani hili ni jambo la kutiliwa mkazo, kwani bahari iko karibu kuliko jalala. Mwaka 1984 mwani wa kwenye matangi, Caulerpa taxifolia, ulionekana baharini Monaco, ukasambaa sehemu kubwa ya Mediterania. Ulipogunduliwa California mwaka 2000 uliwahiwa kwa klorini chini ya maturubai, na ilichukua hadi 2006 kutangazwa kuwa umeisha. Ndoo ya masalia ya chokaa na vipande vya aiptasia itie kikombe cha dawa ya klorini ya kufulia, iache usiku kucha mahali penye hewa, kisha uimwage chooni. Usichanganye klorini hiyo na siki wala limau, hutoa gesi yenye sumu. Na mpira, bomba na ndoo ulivyotumia, vioshe kwa maji ya bomba na uvianike vikauke kabisa kabla havijagusa tangi tena.

Wasirudi

Kila jiwe, kibao, hata ganda la konokono huweza kuwaleta. Dawa za kuchovya matumbawe mapya huua minyoo bapa na wadudu wengi, lakini aiptasia hutoka humo akiwa mzima, kwa hiyo usizitegemee. Nilianza kutumia tangi dogo la lita 30, pampu moja na taa ya bei nafuu, na kila tumbawe jipya hukaa humo wiki nne hadi sita. Usiku wa kwanza, wa saba na wa ishirini na moja ninaliangalia kwa tochi pande zote, chini ya kibao hasa. Mara mbili nimemkuta humo, peke yake, kwenye tangi tupu ambalo chokaa ingeweza kumwagwa bila hofu.

Na jiwe usilichote mwenyewe kwenye mwamba, hata kama linafikika kwa miguu tu maji yakipwa. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ipo tangu 1986, na tangi la sebuleni si sababu ya kuivunja. Omba jiwe kutoka kwa mfugaji mwenzako, umtake akuonyeshe tangi lake usiku, taa zimezimwa, tochi mkononi mwako.